Jibu: Simu inaruka yenyewe kwenye WiFi nisiyoijua

Habari ndugu. Umesema uko Marekani, na kila ukiingia uwanja wa ndege simu inaacha data na kujiunga na WiFi ambayo hukuiwekea nywila. Hujadukuliwa. Ni kampuni ya laini yako inapunguza mzigo kwenye minara yake kwa kukuhamishia WiFi ya watu wengine. Simu inajitambulisha kwenye WiFi hiyo kwa kutumia laini yako, ndiyo maana huombwi nywila.

Yalinikuta nikiongea na mama kwa video: mistari ya WiFi imejaa, mama kaganda mdomo wazi.

Kwa iPhone, ukiwa bado umeunganishwa, fungua Settings, Wi-Fi, gusa herufi i pembeni ya jina, uzime Auto-Join. Kama umeshaondoka eneo hilo, gusa Edit juu, utaikuta chini ya Managed Networks. Samsung ya mke wangu nilienda Wi-Fi, vitone vitatu, Advanced, nikazima Hotspot 2.0, ndiyo inayoiunganisha simu yenyewe na WiFi za aina hii. Pixel sijawahi kuishika.

Usikimbilie Reset Network Settings. Mimi nilifanya hivyo, nikapoteza nywila zote za nyumbani na kazini, na ule mtandao ukarudi kesho yake, maana unakuja na mipangilio ya laini.