Re: Mtoto wa mwaka na miezi minane hasemi, nimpeleke hospitali?

Pole dada. Mpeleke, usisubiri. Hao wanaosema "watoto wa kiume huchelewa" wana nia njema tu, ila kuchelewa kusema peke yake sicho kinachonishtua. Kinachonishtua ni hayo uliyoyaandika mwishoni: ukimwita hageuki, na kutwa anazungusha kifuniko cha sufuria. Hizo zaweza kuwa dalili za usonji (autism), hali ya ukuaji inayoathiri mawasiliano na kuhusiana na watu. Mtazame leo jioni. Ndege au bodaboda ikipita, anakunyooshea kidole ili na wewe uone? Watoto wengi huanza hilo kabla ya mwaka na nusu. Akitaka chai, anakuangalia usoni, au anauvuta mkono wako kama kijiti cha kufikia kikombe? Na kama kuna maneno aliyokuwa nayo yakapotea, hilo halisubiri hata wiki.

Kwa kuwa uko Moshi, nenda idara ya watoto, hospitali ya KCMC. Omba masikio yapimwe kwanza, maana asiyesikia naye hageuki. Uliza pia dodoso la M-CHAT, maswali 20 kwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Huonyesha nani achunguzwe zaidi, halithibitishi usonji.

Bibi aendelee kumsemesha Kichaga chake. Lugha mbili hazileti usonji, wala chanjo haziuleti.