Tiketi Ilisema Saa Moja na Robo Inatosha

Juzi kijana mmoja ameniandikia: "Shikamoo dada. Nimepata nafasi ya masomo ya miezi sita Ulaya, Mungu mkubwa. Tiketi ya bei nafuu niliyoiona inanipa saa moja na dakika kumi za kubadilisha ndege. Zitatosha?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Nilitaka kukujibu kwa sentensi mbili. Nikajikuta niko ukurasa wa tatu na mikono inatetemeka, basi nikaona jibu nilihamishie huku, maana najua wengi mnaonisoma mko njia hiyo hiyo. Mna barua za mwaliko, mna viza mliyoihangaikia, mna jambo moja kubwa linalowasubiri upande wa pili. Mimi nilikuwa nalo Julai 2022. Lilinipita nikiwa nimekaa kiti 31A, ndege imeshatua.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 2020 nilichaguliwa kwenda kuwasilisha kazi yangu kwenye mkutano mmoja wa kitaaluma. Korona ikaufuta. Mwaka 2021 ukafanyika kwa njia ya mtandao, mimi nikaambiwa nisubiri watu wakutane ana kwa ana. Nikasubiri. Miaka miwili mtu mzima unakarabati slaidi zilezile ishirini na mbili, leo unabadili rangi, kesho unairudisha. Kufika 2022 ningeweza kuisema mada ile usingizini. Nilipewa dakika ishirini, Jumatano, saa tatu asubuhi. Kwa ratiba ningefika Jumanne asubuhi, nikapumzika, nikapiga pasi suti yangu.

Safari ya usiku naiacha, haina cha kusimulia.

Tulitua kwenye kiwanja kikubwa cha kubadilishia ndege saa kumi na mbili kasorobo alfajiri, dakika tano kabla ya ratiba. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Ndege ikasogea hadi mahali pake, injini zikazimwa, tukasimama wote kwa pamoja kama ilivyo kawaida yetu, vichwa vimeinama chini ya makabati ya mizigo. Kisha rubani akatuomba tukae tena. Daraja la kushukia lilikuwapo, naliona dirishani, liko hatua chache tu kutoka mlangoni. Mtu wa kuliendesha ndiye hakuwapo.

Tulikaa dakika hamsini na mbili. Nilimtazama kijana mmoja wa fulana ya njano akikimbia kutoka ndege moja hadi nyingine. Kwetu akaweka vizuizi vya magurudumu, akaenda kwa jirani, akarudi na mkokoteni wa mizigo, akauacha, akaondoka tena. Pale chini palitakiwa kuwa na kundi zima la watu. Alikuwa peke yake. Nikamwandikia mdogo wangu kwenye simu: "Tumetua lakini tumefungiwa ndani, hakuna wa kutushusha." Ujumbe ule niuwekeni akilini, utakuja kunilipa.

Sikujua wakati ule kwa nini mambo yako vile. Nilikuja kusoma baadaye, kwa hasira, kama mtu anayesoma faili la kesi yake. Mwaka 2019 abiria wa ndege duniani walikuwa kama bilioni 4.5. Mwaka 2020 wakashuka hadi bilioni 1.8 hivi. Mashirika na viwanja wakapunguza watu kwa maelfu. British Airways peke yake iliondoa nafasi za kazi zipatazo 10,000. Wapakiaji mizigo, wakaguzi, wasafishaji, wote wakaenda kutafuta riziki kwingine, kwenye maghala na kusambaza vifurushi, kazi isiyokutaka uamke saa tisa usiku kwa mshahara uleule mdogo. Masharti yalipolegezwa kila mtu akataka kusafiri kwa mpigo. Na mfanyakazi wa kiwanjani haajiriwi leo akaanza kesho. Ni lazima achunguzwe kwanza. Uingereza, kwa mfano, historia ya kazi ya miaka mitano nyuma ilibidi ithibitishwe, na aliyepitia vibarua vitano wakati wa korona alitakiwa waajiri wote watano wamjibie. Wiki zinakwenda, foleni inarefuka.

Ndiyo maana Julai ile ile Heathrow, kiwanja cha London, ilitangaza kwamba abiria wanaoondoka wasizidi 100,000 kwa siku, ikayaomba mashirika yaache kuuza tiketi za kiangazi. Emirates mwanzoni wakakataa hadharani. Schiphol, kiwanja cha Amsterdam, nao waliweka kikomo, wakawaongezea wakaguzi na wasafishaji euro 5.25 kwa saa kwa msimu ule ili wasikimbie. Septemba mkuu wa kiwanja akatangaza kujiuzulu. Kilichoniacha mdomo wazi ni Delta, shirika la ndege la Marekani: Julai 11 waliirusha ndege kubwa ya Airbus kutoka Heathrow hadi Detroit bila abiria hata mmoja. Ilibeba mabegi 1,000 yaliyokuwa yamekwama. Mabegi yalipanda ndege, abiria hakuna.

Mlango wetu ulifunguliwa saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Ndege yangu ya pili ilikuwa inaondoka saa moja na dakika tano. Nilikimbia, jamani. Mbele yangu foleni ya pasipoti imejikunja kama utumbo, madirisha kumi, yenye watu matatu. Nilipofika getini nikaikuta ndege yangu bado ipo, naiona kioo kwa kioo, mlango umefungwa. Haikufunguliwa.

Sasa sehemu ninayoionea haya. Kaunta ya kubadilisha tiketi ilikuwa na binti mmoja, mdogo sana, na mbele yake watu si chini ya mia. Nilisimama kwa muda wa saa tatu. Nilipofika nikamfokea. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu angeyasikia angenivua kitambaa cha kichwa mbele ya watu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaigeuza kompyuta yake nione mwenyewe: siti sifuri, sifuri, sifuri, hadi kesho mchana. Akaniambia ile ilikuwa wiki yake ya tatu kazini. Nikachukua karatasi yangu, nikakaa pembeni kulia.

Nyuma yangu alikuwa bwana mmoja wa makamo. Alimsalimia, akamuuliza kama ameshakunywa hata maji tangu asubuhi. Wakacheka kidogo. Kisha binti akaanza kubofya, akabofya, akampigia mtu simu, akampatia siti ya jioni kwa shirika jingine, kupitia mji ambao mimi sikutafutiwa. Yule bwana alifika siku ile ile. Imepita miaka na bado namwona akienda zake na kimkoba chake. Ndugu zangu, ulimi. Anayekuhudumia katikati ya vurugu huwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kutoa, nacho ni ile dakika ya ziada ya kukutafutia. Wewe ndiye unayeamua kama utaipata.

Usiku tuliulalia sakafuni. Nilikuwa na mama mmoja mtu mzima niliyemsikia akisali kwa Kiswahili, nikamsogelea, nikamwamkia. Alikuwa anakwenda kumwona mjukuu wa kwanza, nchi ya mbele zaidi, na viza yake haikumruhusu kutoka nje ya kiwanja, kwa hiyo hoteli hata ingekuwepo asingefika. Mimi ningeweza kutoka. Sikumwacha. Kwenye saa nne usiku akaniambia taratibu, "Mwanangu, dawa zangu za presha ziko tumboni mwa ndege." Alikuwa ameziweka kwenye begi kubwa kwa kuwa ndilo lenye kufuli. Tulihangaika hadi kliniki ya kiwanja, tukampata daktari, nikawa mkalimani. Alikuja kupewa kidonge usiku wa manane umeshapita.

Basi hapo ndipo ushauri wangu mkubwa unapoanzia, na kwa kweli ndipo unapoishia: kile usichoweza kuishi siku mbili bila kuwa nacho, kisitoke mkononi mwako. Dawa. Vyeti. Kompyuta. Chaja. Nguo ya ile siku yako. Suti yangu nzuri nilikuwa nimeikunja vizuri sana, ndani ya begi kubwa.

Nilifika Jumatano saa tisa alasiri. Saa tatu asubuhi ya siku ile mwenyekiti wa kikao alisoma jina langu, akasoma kichwa cha mada yangu, akasema mtoa mada amepatwa na dharura ya usafiri, akaendelea na anayefuata. Nilisimuliwa. Dakika zangu ishirini wakazigeuza mapumziko ya chai. Kuna mtu alinitania kwamba niliwapa mapumziko marefu kuliko yote. Nikacheka naye. Sikuwa nacheka.

Begi lilifika siku ya kumi na tisa, mimi nimeshasahau lina rangi gani. Mwaka ule, kwa takwimu za SITA, kampuni ya teknolojia ya usafiri wa ndege, kila abiria 1,000 walikuwa na mabegi 7.6 yaliyochelewa, kupotea au kuharibiwa, wakati mwaka uliotangulia yalikuwa 4.35. Langu lilikuwa mojawapo, nami nilifanya angalau jambo moja sawa: sikutoka kiwanjani kabla ya kujaza fomu ya kuripoti begi na kupewa namba yake. Bila namba ile huna kesi. Kwa Mkataba wa Montreal, ule wa kimataifa wa haki za abiria wa ndege na mizigo yao, begi likipita siku 21 bila kuonekana linahesabika limepotea. Likija limechelewa, unazo siku 21 tangu ulipokabidhiwa za kudai kwa maandishi. Likija limevunjika, siku saba tu. Nilinunua shati, suruali, mswaki, vya ndani, nikatunza kila risiti, nikalipwa vyote isipokuwa viatu. Viatu wakasema ni anasa. Nimesamehe, lakini sijasahau.

Kuhusu ile ndege niliyoikosa, niliandika barua pia, na hapa niruhusuni nijisifu kidogo. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inampa abiria wa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 euro 600 akifika mwisho wa safari amechelewa sana kwa sababu ya shirika. Inahusu ndege zote zinazoondoka huko, na pia zinazokwenda huko zikiwa za mashirika ya huko. Wakanijibu kwa adabu kwamba ndege yao ya kwanza ilitua kabla ya wakati, kwa hiyo pole. Nikawaandikia tena: mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilishaamua kwamba ndege haihesabiki imefika kwa kugusa ardhi, inahesabika pale angalau mlango mmoja unapofunguliwa na abiria wakaruhusiwa kutoka. Nikaambatanisha ule ujumbe kwa mdogo wangu, na saa yake. Miezi mitano baadaye wakalipa. Wengi tuliokaa nao sakafuni hawakuandika chochote, walisema wazungu hawalipi.

Msinielewe vibaya, si kila mara inatoka. Mwaka 2024 mahakama hiyo hiyo ilisema uhaba wa wapakiaji mizigo walioajiriwa na kiwanja unaweza kuwa dharura inayoliondolea shirika fidia. Kwa hiyo ukiambiwa "uhaba wa wafanyakazi", uliza: wa nani? Wa kwenu au wa kiwanja? Omba jibu kwa maandishi. Fidia ikikataliwa, chakula na malazi ya kungojea bado ni haki yako, na kama hakuna hata mtu wa kukugawia kuponi, lipia kwa kiasi, tunza risiti, udai. Lakini safari zote ziwe kwenye tiketi moja. Ukiunganisha mwenyewe tiketi mbili za bei chee, ya pili ikikuacha hakuna anayekujua.

Saa za kubadilisha ndege? Siku hizi sipandi chini ya tatu. Ndege ya kwanza ya siku ikipatikana naichukua, maana ucheleweshaji hujikusanya kadiri jua linavyopanda. Kama jambo lako ni Jumatano, fika Jumatatu. Na dawa mkononi, nimeshasema. Nguo ya siku yako mkononi. Narudia kwa sababu najua mtaiweka kwenye begi kubwa, kwamba isikunjamane.

Tuna tabia ya kuiamini tiketi kama Msahafu kwa sababu imechapwa na kompyuta na kuna nembo juu. Ile saa moja na robo ilipangwa na mtu aliyedhani daraja litakuwa na mwendeshaji, dirisha la pasipoti litakuwa na mtu, mkokoteni utakuwa na wa kuusukuma. Mnaokwenda kutafuta maisha, acheni kubana saa kama mnavyobana fedha.

Nimemtumia yule kijana haya yote kwa ufupi. Akanijibu ndani ya dakika moja: "Asante sana dada, Mungu akubariki. Ila nimeshailipia, na hairudishwi."

Nimemwambia alipie kiti cha mbele, upande wa njia, na koti la suti alivae.