Watamu au Mombasa kwa siku 5 na watoto watatu?

Dada, kama hamu yenu kubwa ni bahari, pangeni nyumba Watamu. Magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke mnafika kwa tuktuk. Mkilala Mombasa, ni zaidi ya kilomita 100 kila upande, na foleni ya Mtwapa inawala asubuhi nzima. Mombasa ibakizieni usiku wa mwisho: Fort Jesus na Mji wa Kale nusu siku, kisha treni mnapandia Miritini.

Tarehe angalieni na mwezi. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hupwa mbali sana mnamo saa nne asubuhi, mwamba ukabaki wazi. Kuogelea kunangoja alasiri. Watoto wavae viatu, kuna urumba, wale wanyama wa bahari wenye miiba.

Kabla ya kutuma pesa, mwambie mwenye nyumba afungue bomba la jikoni kwenye simu ya video, uone maji yanavyotoka. Tangi la lita 1,000 watu watano hulimaliza siku mbili tatu. Na tokeni za umeme ni za nani? Kiyoyozi cha usiku kucha hula yuniti vibaya, hilo liandikwe kwenye meseji.