Siku Nane, Miji Minne: Majibu ya Barua za Safari

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wenye likizo fupi na hamu ya kuona mengi. Nimechagua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu kosa lililomo ndani yake nililifanya mimi mwenyewe kabla yake.

*Ndugu mwandishi, mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa mwezi Septemba, na kazini tumepewa siku nane tu. Wakala mmoja wa safari hapa mjini ametupangia Paris, Amsterdam, Rome na Lisbon. Anataka tulipe tiketi wiki hii kabla bei haijapanda, kisha ndipo tuombe visa. Je, ratiba hii inawezekana? — Mwalimu wa sekondari, Tabata*

Hongereni kwa miaka kumi, Mwalimu. Ratiba inawezekana kwa mtu ambaye shida yake ni kuviona viwanja vinne vya ndege. Hebu tupige hesabu. Safari ya kwenda Ulaya hula usiku mzima na mara nyingi sehemu ya mchana unaofuata, na ya kurudi ni vivyo hivyo, kwa hiyo siku zenu nane zimeshakuwa sita. Kuhama kutoka mji mmoja hadi mwingine, ukijumlisha kufunga mabegi, kukabidhi chumba, kufika uwanjani mapema, kuruka, na kutafuta hoteli mpya, hakupungui nusu siku, nanyi mnahama mara tatu. Zimebaki siku nne na nusu za kuona miji minne. Mara yangu ya kwanza niliuziwa ratiba ya namna hiyo, na katika mji mmojawapo kitu pekee ninachokikumbuka vizuri ni ngazi nyembamba za hoteli isiyokuwa na lifti, begi likigonga kila kidato hadi ghorofa ya nne, nami nikijua kwamba kesho yake asubuhi nitalishusha.

Suala la tiketi ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Katika maombi ya visa ya Schengen, yaani visa moja inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, kinachotakiwa kwa kawaida ni uthibitisho wa nafasi mliyoweka kwenye ndege. Si lazima iwe tiketi iliyokwisha kulipiwa, na visa ikikataliwa, ada ya maombi hairudishwi na huenda nauli nayo isirudi. Ada hiyo ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwasilishwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45, kwa hiyo msisubiri Agosti. Pasipoti ziwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku mtakayotoka Ulaya, na bima ya safari iwe ya kiwango kisichopungua euro 30,000. Tena maombi hupelekwa katika ubalozi wa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, mnakwenda kwa nchi mtakayoingia kwanza. Mwombaji mwenye miji minne katika nchi nne ana maelezo mengi ya kutoa dirishani kuliko mwenye mji mmoja. Baadhi ya nchi huwakilishwa na ubalozi wa nchi nyingine, kwa hiyo ulizeni mapema karatasi zenu zinapokelewa wapi.

Mimi ningekata miji mitatu na kubaki na Lisbon: kitanda kimoja kwa siku zote sita, na treni za mchana kwa yaliyo nje ya mji. Kutoka kituo cha Rossio, katikati ya mji, treni ya Sintra huchukua kama dakika 40 na kuwafikisha kwenye vilima vya misitu yenye ukungu, ambako kasri la Pena limesimama juu ya mwamba likiwa limepakwa rangi nyekundu na ya manjano. Tiketi zake ni za saa maalumu, basi zinunuliwe kabla. Siku nyingine, treni kutoka Cais do Sodré hufuata ukingo wa mto Tagus hadi ufukwe wa Cascais. Kati ya miji hiyo miwili kuna Cabo da Roca, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ulaya, mahali pa kusimama juu ya genge na kuitazama Atlantiki ikijipiga huko chini. Kuogelea ni habari nyingine. Aliyezoea maji ya Coco Beach ataingiza miguu na kuitoa haraka, hata Septemba.

Lakini sababu yangu kubwa ya kuwapeleka Lisbon iko karibu na nyumbani. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliitia nanga meli yake Kilwa na kumlazimisha mtawala wake kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifikishwa kwa mfalme Manuel wa Kwanza, naye akaagiza itengenezwe chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, ambacho Wareno hukiita Custódia de Belém. Kipo mpaka leo, ni mali ya Museu Nacional de Arte Antiga mjini humohumo, kikiwa na mitume kumi na wawili wadogo waliopiga magoti. Ulizeni kwanza kama ukumbi wake uko wazi siku mnazokwenda. Da Gama mwenyewe amezikwa katika monasteri ya Jerónimos, Belém, na ukishawahi kutembea kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani huwezi kupita kaburini hapo kama mtalii mwingine yeyote.

Chukueni viatu vyenye soli inayoshika. Njia za waendao kwa miguu zimetandikwa vijiwe vya chokaa, vinateleza kama sabuni mvua ikinyesha, na mji wote ni vilima.

*Shikamoo. Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Ndoto yake ni kuiona Muscat, lakini hajui Kiingereza wala Kiarabu, nami nina siku tano tu za kumsindikiza. Twende mwezi gani? — Kijana wa Magomeni*

Marahaba, mwanangu. Lugha isikukoseshe usingizi. Baada ya mwaka 1964 familia nyingi zenye asili ya Oman ziliondoka Zanzibar, na tangu Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970 wengi waliitikia wito wa kwenda kuijenga nchi hiyo, wakahamia huko pamoja na Kiswahili chao. Mimi nilikuwa sokoni Mutrah, hapo Muscat, nikimlalamikia mwenzangu kwa sauti ndogo juu ya bei ya halua, na mzee muuzaji, bila kuinua macho kutoka kwenye mizani, akaniuliza: "Bibie, wewe wa Unguja au wa bara?" Nilipomjibu kuwa ni wa bara alicheka, akanikatia kipande cha kuonja chenye harufu ya zafarani na hiliki, akanimiminia kahawa kwenye kikombe kisicho na mkono. Bei haikushuka hata baisa moja.

Nendeni kati ya Novemba na mapema Machi. Miezi ya Juni hadi Agosti joto la Muscat hupita nyuzi 40, na mama hataweza hata kuvuka barabara kwa raha. Wale wanaosafiri katikati ya mwaka hukimbilia Salalah, kusini kabisa, ambako pepo za msimu huleta manyunyu na kuigeuza milima kuwa kijani, lakini hiyo ni safari nyingine kabisa, usiichanganye na hii.

Kwa magoti ya mama, mahali pazuri ni barabara ya ufukweni Mutrah, tambarare kabisa, yenye mabenchi yanayotazama bandari. Muende jioni, jua likiwa linazama nyuma ya milima isiyo na mti. Siku moja kodini gari na dereva mwende Nizwa, mwendo usiofika saa mbili kwa barabara nzuri; mkiweza, iwe Ijumaa asubuhi, kwa sababu ya mnada wa mbuzi. Wanyama huzungushwa kwenye duara kwa kamba huku wanunuzi wakiwapapasa migongo, na mama, kama amewahi kununua mbuzi wa Idi, ataelewa kila kinachoendelea bila mkalimani. Jabal Akhdar ni pazuri lakini hupandwa kwa gari la magurudumu manne pekee, na polisi hukagua njiani. Kwa siku tano mimi ningepaacha na kwenda Sur, mji wa pwani ambako majahazi yameundwa kwa karne nyingi, yaleyale yaliyokuwa yakishuka kwetu na kaskazi na kurudi na kusi.

Rial moja ya Oman ni zaidi kidogo ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo tarakimu ndogo kwenye bei zisikudanganye.

*Je, ni kweli Mtanzania haombi visa kwenda Cape Town? Nataka kuwapeleka watoto wakati wa likizo ya Juni. — Baba wa watatu, Mbezi Beach*

Ni kweli, kwa matembezi yasiyozidi siku 90. Juni ndiyo inayonipa mashaka, kwa kuwa Cape Town hupata mvua zake wakati wa baridi, na Table Mountain inaweza kufunikwa na wingu siku tatu mfululizo. Gari la kamba lililoanza kupandisha watu mwaka 1929 husimamishwa upepo ukizidi, na kila mwaka hufungwa siku kadhaa kwa matengenezo, mara nyingi Julai au Agosti. Ikibidi Juni, pandeni siku ya kwanza anga likiwa safi na msiseme mtapanda kesho. Watoto watawapenda pengwini wa Boulders Beach, ambao hawajali mvua. Mkiweza kungoja likizo ya Desemba, ngojeni, ingawa vyumba vitakuwa ghali.

*Sina uwezo wa ndege. Kuna nchi ya nje ninayoweza kufika kwa basi na kuona bahari tofauti na hii yetu? — Fundi cherehani, Mbagala*

Bahari ni ileile, ndugu yangu, ila ufukwe unatofautiana. Panda basi la Mombasa linalopita Tanga, vuka mpaka Horohoro ukiwa na pasipoti yako, na mwambie kondakta akushushe Ukunda, kabla ya kivuko cha Likoni. Kutoka hapo, Diani ni mwendo mfupi wa bodaboda. Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga wa sembe, na juu ya barabara utaona ngazi za kamba zilizofungwa kutoka mti hadi mti ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Kwenda ni siku nzima na kurudi ni siku nzima, basi omba ruhusa kwa wateja wako ya siku nne na si tatu, na chukua vyumba vya upande wa Ukunda, siyo vya ufukweni.