Kuinuka kitini bila kushikwa mkono

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ukitaka kuongeza miaka ya kuishi ukiwa na afya, utategemea nini zaidi, teknolojia au mazoea ya kila siku?" Nimelisoma mara kadhaa na jibu langu halijabadilika: ningeanza na kipimo cha presha na kiti kigumu kisicho na mahali pa kuegemeza mikono, vingine vyote visubiri zamu yao. Naomba nafasi ya kueleza kwa nini.

Kwanza tukubaliane tunahesabu nini. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, mtoto aliyezaliwa mwaka 2000 alitarajiwa kuishi kama miaka 67, na yule aliyezaliwa mwaka 2019, kabla ya UVIKO-19 kuvuruga hesabu, alitarajiwa kuishi kama miaka 73. Ni hatua kubwa kwa muda usiofikia kizazi kimoja. Lakini shirika hilohilo hukokotoa pia miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi akiwa na afya njema, na mwaka 2019 hesabu hiyo ilikuwa kama miaka 63 na ushei tu. Pengo kati ya hesabu hizo mbili linakaribia miaka 10, na katika kipindi hicho chote halikuzibika, bali lilipanuka kidogo. Mwaka 1980 daktari mmoja wa Marekani, James Fries, alitoa hoja kwamba lengo liwe kuyasogeza mbele maradhi ya uzeeni hadi yabanwe katika kipindi kifupi kabisa mwishoni mwa uhai. Mimi ni mfuasi wa hoja hiyo. Sina tamaa ya kuvunja rekodi ya Jeanne Calment, Mfaransa aliyefariki mwaka 1997 akiwa na miaka 122. Tamaa yangu ni kufunga kamba za viatu vyangu mwenyewe nikiwa na miaka 85.

Pengo hilo nimeliona kwa macho, kwa mama yangu mzazi. Alipokuwa na miaka 76 alilazwa siku tisa kwa nimonia, akatibiwa vizuri, akapona, akaruhusiwa kurudi nyumbani, lakini aliyerudi hakuwa yule aliyekwenda. Siku zote hizo hakuna aliyemtoa kitandani ila kwa kwenda msalani, na mimi mwenyewe, kwa mapenzi yasiyo na elimu, nilikuwa nikimwambia, "Mama, tulia, usijichoshe." Siku ya kwanza nyumbani alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akajisukuma, akarudi kuketi. Mapafu yalikuwa yamepona. Mapaja ndiyo yaliyobaki wodini. Baadaye nilisoma juu ya utafiti wa mwaka 2007 ambao wazee wenye afya njema walikubali kulala kitandani siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu, nikajua kwamba mama hakuwa akidekeza uchovu.

Mtaalamu wa fiziotherapia aliyekuja kumwona hakuleta mashine. Alizunguka nyumba akichagua kiti, akachukua kile kigumu kuliko vyote, akakiegemeza ukutani kisirudi nyuma, akamwambia mama akunje mikono kifuani, avute nyayo ziingie kidogo nyuma ya magoti, ainamishe kifua mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Mama hakuweza hata mara moja. Yule bwana akaweka mito miwili juu ya kiti ili kuongeza kimo, na mama akainuka mara tatu. Wiki ya pili tuliondoa mto mmoja, wiki ya tano tukaondoa wa pili. "Mwanangu," aliniambia siku ile, akiwa amesimama katikati ya chumba bila kushika kitu, "kumbe kuinuka nako kuna ufundi wake."

Sikuwa nimejua kwamba misuli ya mzee bado inafunzika. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani waliwapa mazoezi ya kunyanyua uzito wazee 10 dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa umri wao ukiwa miaka 90. Baada ya wiki nane nguvu za miguu ya wale tisa waliomaliza zilikuwa zimeongezeka, kwa wastani, kwa zaidi ya asilimia 150, na wawili kati yao waliacha kutembelea fimbo. Sijui dawa yoyote inayoweza kujitapa hivyo kwa mtu wa umri huo. Tena nguvu hizi si urembo: katika utafiti wa nchi 17 uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia karibu watu 140,000, nguvu ya mkono kukamata ilibashiri vifo vizuri kuliko namba ya juu ya presha.

Hapo nimeitaja presha, na ndiyo inayonirudisha kwenye kifaa changu cha kwanza. Presha haiumi, haiwashi, haikohozi. Mtu anaweza kutembea nayo miaka 15 akiamini ni mzima, huku kuta za mishipa zikikakamaa, moyo ukivimba na figo zikichakaa, hadi siku kiharusi kinapobisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanaishi na presha, na karibu nusu yao hawana habari. Hapa ndipo swali lenu, kwa heshima zote, linapotenganisha vitu visivyotengana. Bila kifaa, mazoea yangu yanafanywa gizani. Na kifaa bila mazoea ni pambo la kabati.

Kupima kwenyewe ni zoea linalohitaji adabu. Mtu aketi dakika tano akiwa kimya, mgongo umeegemea, nyayo zimetua sakafuni, miguu haikupishana, kibofu hakikujaa, mkono uko kwenye kimo cha moyo, na nusu saa iliyotangulia isiwe na kahawa wala sigara. Kisha apime mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, aandike. Mara ya kwanza nilipata 158 kwa 96. Nilikilaumu kifaa, nikabadilisha betri, nikapata 156 kwa 95, nikakilaumu tena. Baada ya siku saba za asubuhi na jioni daftari langu lilionyesha wastani wa 151 kwa 94, na daktari aliyelifungua hakuniuliza najisikiaje, maana jibu la "najisikia vizuri" alishalizoea. Alinipa kidonge, akanitaka nipunguze chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai katika vyakula vyote, na akaniambia nilirudishe daftari baada ya mwezi. Faida ya kushusha presha si nadharia: jaribio kubwa la Marekani lililotangazwa mwaka 2015, lenye watu zaidi ya 9,000 wa miaka 50 na kuendelea, lilionyesha kwamba waliolengwa kushuka chini ya 120 walikufa wachache kwa takriban robo kuliko waliolengwa chini ya 140, ingawa baadhi yao walipata kizunguzungu na matatizo ya figo, ndiyo sababu lengo hilo halipangwi bila daktari.

Saa janja ninayo pia, watoto walinizawadia. Nakiri kwamba imenifanya nitembee zaidi, hasa jioni inaponionyesha nimebakiza kidogo. Lakini ile hesabu ya hatua 10,000 inayoheshimiwa kama amri ilianzia Japani katikati ya miaka ya 1960, kwenye kipimahatua ambacho jina lake lenyewe lilimaanisha "kipimo cha hatua elfu kumi". Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa kabla haijawa namba ya afya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 juu ya wanawake wazee wapatao 16,700 ulionyesha kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na faida iliendelea kupanda hadi kama 7,500, kisha ikatulia. Kwa mtu anayekaa kutwa, habari hiyo ni ya kutia moyo kuliko amri. Upande wa usingizi nimeizima saa yangu kabisa. Nilikuwa naamka mwepesi, naangalia alama, naona 61 kwa 100, kisha nachoka.

Sasa zile dawa za kurudisha ujana, ambazo nadhani ndizo mlizozitarajia. Sizibezi. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba badiliko katika jeni moja linaweza kurefusha maisha ya mnyoo mdogo hadi zaidi ya maradufu, na tangu hapo kuzeeka si tena suala la kuandikiwa tu, ni mfumo wenye vifungo vinavyoweza kuguswa. Ninayoifuatilia zaidi ni rapamaisini, iliyotokana na bakteria wa udongo uliochotwa mwaka 1964 katika Kisiwa cha Pasaka na ambayo kwa miaka mingi hupewa watu waliopandikizwa figo ili mwili usiikatae figo ngeni. Mwaka 2009 maabara tatu za Marekani zilitangaza kwamba panya walioanza kupewa dawa hiyo wakiwa na siku 600, ambao kwa umri wa binadamu ni kama watu wa miaka 60, waliongezewa maisha, majike kwa asilimia 14 na madume kwa asilimia 9. Matokeo hayo yalinisisimua, maana yalionyesha kwamba hata mzee hajachelewa. Ila panya wa maabara huishi ndani ya tundu safi, hajikwai ngazini, na dawa inayotuliza kinga ya mwili si ya kuchezewa na mtu ambaye hatari yake kubwa ni nimonia. Siku itakapothibitishwa kwa binadamu nitapanga foleni. Hadi hapo, anayeniuzia vidonge vya ujana kwa ushahidi wa panya namwomba kwanza anionyeshe daftari lake la presha.

Teknolojia ninayoipigia debe bila kusita ni ile ya kuondoa mtoto wa jicho na vifaa vya kusaidia kusikia. Jopo la wataalamu walioandika katika jarida la Lancet mwaka 2024 lilikadiria kwamba karibu nusu ya visa vya ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kushughulikia mambo 14, na miongoni mwake ni kutosikia na kutoona ambako hakujatibiwa. Mwenye kusikia kwa shida huanza kuitikia kwa kichwa tu, kisha hukwepa mazungumzo, kisha haendi kabisa walipo watu, na mwendo wake hupungua pamoja na maneno yake. Kifaa kidogo sikioni humrudishia mazoea aliyokwisha kuyaacha.

Kuhusu tumbaku sina la kurefusha. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka 50, kuanzia 1951, walionyesha kwamba mvutaji hupoteza kama miaka 10 ya maisha, na kwamba anayeacha akiwa na miaka 50 hurudishiwa kama sita, hata anayeacha akiwa na 60 hurudishiwa kama mitatu.

Mama sasa ana miaka 81, na kile kiti bado kiko ukutani. Kila Jumapili tunafanya kipimo ambacho wataalamu hukitumia kupima nguvu za miguu ya wazee: mikono kifuani, sekunde 30, unahesabu umeinuka mara ngapi. Kwa mwanamke wa umri wake, chini ya mara tisa huhesabiwa kuwa pungufu. Juzi alipata 10. Kwa mwanamume wa miaka 61 kama mimi, mpaka ni 14. Nilipata 13, na mama, aliyekuwa ameshika simu akinihesabia, alisema ile ya mwisho hakuridhika kwamba magoti yalinyooka.