Bunduki ya zamani ya .303 (inchi, upana wa risasi): isome namba kabla hujainunulia risasi

Bunduki isiyo na karatasi, iwe imeonekana shambani au darini kwa marehemu mzee, usiisafishe wala usiihamishe, waite polisi. Kurithi bunduki si kupata leseni. Yanayofuata ni ya mwenye leseni.

Toa magazini, vuta boliti (chuma kinachosukuma risasi), chungulia chemba, kisha ingiza kidole uhakikishe hamna kitu. Rudia.

Usidhani kila bunduki kuukuu ya mikoa yetu ni .303. Kondoa ilipopiganiwa mwaka 1916, vikosi vya Waingereza vilikuwa na Lee-Enfield, ndiyo .303 yenyewe, Wajerumani na Mauser, na askari wao wengine bado walibeba Mauser ya 1871: milimita 11, baruti ya moshi, risasi moja moja. Hiyo ni ya kutunzwa tu.

Lee-Enfield ambayo chuma bapa kimefunika mdomo wote wa mtutu ni SMLE, yaani Lee-Enfield fupi. Upande wa kulia, kitako kinapokutana na chuma, tafuta taji, jina la kiwanda (Enfield, BSA Co, Ishapore), mwaka na "Sht. L.E. III". Mtutu ukichomoza mbele ya mbao, ni No. 4, toleo la baadaye. Ila magazini yenye pembe za mraba, ya risasi 12, ni ya 2A ya India. Hiyo inatumia risasi ya milimita 7.62, haitumii .303.

Sasa linganisha namba ya boliti na ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana, usipige hata risasi moja kabla fundi mwenye kibali hajaipima kwa geji, kipande cha chuma cha kupimia. Nafasi ya kukalia ukingo wa risasi huanza inchi 0.064, na kipimo cha mwisho cha jeshi ni 0.074. Ikizidi, ganda huvutika na kukatika karibu na kitako chake. Kagua maganda yaliyopigwa: mstari unaong'aa kuzunguka ganda, juu kidogo ya ukingo, ndiyo dalili. Kwenye No. 4 fundi hubadilisha kichwa cha boliti. Vina namba 0 mpaka 3, na kinachofuata kwa kawaida huwa kirefu kidogo kuliko kilichotangulia. Vya SMLE havina namba hizo, hujaribiwa kimoja kimoja kwa geji.

Kitako kinacholegea ndipo SMLE nyingi zinapoharibiwa. Kiangazi cha Dodoma hukausha mbao zikasinyaa, mtu akachukua bisibisi ndefu na kukaza skrubu iliyo ndani ya kitako. Asichojua ni kwamba ncha ya skrubu hiyo ni ya mraba na imeshikwa na kibati ndani ya mbao ya mbele. Ukiizungusha, mbao ya mbele inapasuka, na kuipata nyingine ni kazi kweli. Fungua mbao ya mbele kwanza, ndipo ukaze, na uiache ile ncha imekaa sawa na kibati.

Mafuta yawe kidogo, maana yakikutana na vumbi letu yanasaga chuma. Risasi za kijeshi za zamani zina fataki (viwashio vya baruti) zinazoacha chumvi, na chumvi haitoki kwa mafuta wala petroli. Mwaga maji ya moto ndani ya mtutu siku hiyo hiyo, kausha, ndipo upake.

Boliti ikigoma kusukuma risasi, angalia magazini. Ukingo wa risasi ya juu lazima uwe mbele ya ukingo wa ile iliyo chini yake. Ukiwa nyuma, zinanasana.