Punguza maswali, mtoto apate nafasi ya kuanza yeye

Mtoto mwenye usonji ambaye bado haongei huulizwa maswali kutwa nzima. Hii nini? Rangi gani? Sema "maji". Sema basi, nikupe! Anauliza mama, anauliza bibi, anauliza dada wa kazi, hata mgeni aliyepita kusalimia tu. Mimi ni mama wa mtoto wa namna hiyo hapa Dar es Salaam, na ushauri wangu ni kuyapunguza maswali hayo sana.

(Kama hajapimwa masikio, anzeni huko. Wanaotaka akatwe udata, kile kigozi cha chini ya ulimi, ati ndipo aongee, waambieni wasubiri.)

Ushauri huu sikuutoa kichwani. Uingereza kulifanyika utafiti uitwao PACT, katika miji ya London, Manchester na Newcastle, ukachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Watoto walikuwa 152, wenye miaka 2 hadi chini kidogo ya 5. Kilichonivutia ni kwamba mtaalamu hakumkalisha mtoto kumfundisha maneno. Alikaa na mzazi, wakatazama video ya mzazi huyo akicheza na mwanawe, wakiisimamisha pale mtoto alipotupa jicho au kutoa sauti, ili mzazi aone mwenyewe aliitikiaje. Wazazi wakabadilika, na watoto wakaanza mawasiliano wenyewe mara nyingi zaidi. Dalili za usonji hazikuonyesha tofauti ya maana wakati ule. Watafiti walipowarudia watoto 121 kati yao takriban miaka 6 baadaye, wenye dalili kali walikuwa asilimia 46 katika kundi lililopata mafunzo, na 63 katika kundi lililopata huduma za kawaida tu. Huko si kupona. Anayekuuzia kupona, mkimbie.

Nyumbani kwetu kamera ni simu, na mpiga picha ni shangazi yake. Mwanangu anapenda kuzungusha magurudumu ya kigari kilichopinduliwa. Basi kaa naye mkekani, uso wako uwe usawa wa uso wake, wala usikigeuze kigari ili "kiendeshwe vizuri". Zungusha na wewe. Sema neno moja au mawili: "Linazunguka." Halafu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo penye kazi, maana sisi tumezoea kwamba mtoto aliyepoa anachangamshwa. Ngoja. Akikutazama, akisukuma mkono wako kwenye gurudumu, akiguna tu, hiyo ni zamu yake ameichukua. Iitikie mara moja: "Tena! Linazunguka!" Ukitazama video baadaye utaona vitu vidogo vilivyokupita wakati unaongea.

Kwenye uji na kuoga ni hivyohivyo: mimina kidogo, simama, mtazame. Ila kumnyima uji mpaka atamke "uji" sikubaliani nako hata kidogo. Mtoto mwenye njaa atalia, na kulia anakujua tayari.

Jambo jingine linaloleta ubishi kwenye familia ni kadi za picha na tableti zinazotamka maneno. Ndugu husema zitamfanya awe mvivu wa kuongea. Connie Kasari na wenzake huko Marekani walichapisha mwaka 2014 utafiti wa watoto 61 wa miaka 5 hadi 8 waliokuwa na maneno machache mno. Wote walipata mafunzo ya mchezo na lugha, ila baadhi yao waliongezewa kifaa kinachotoa sauti tangu mwanzo. Waliopata kifaa ndio walioongeza zaidi mawasiliano waliyoyaanza wenyewe. Kwa hiyo kadi ya "tena" uliyochora mwenyewe kwenye boksi la viatu haimzibi mtoto mdomo.

Najua wataalamu wa usemi kwetu ni wachache na foleni ni ndefu. Ndiyo maana napenda kutaja PASS, mafunzo yaliyotokana na PACT, yaliyojaribiwa Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistan kwa watoto 65. Waliowafundisha wazazi hawakuwa mabingwa. Walikuwa wahudumu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na huko pia wazazi waliitikia vizuri zaidi na watoto wakaanza mawasiliano zaidi.

Mkipata miadi, nendeni na video hizo za mkekani. Mtoto akiwa kwenye chumba kigeni chenye taa kali na watu asiowajua, mara nyingi haonyeshi hata nusu ya anachofanya nyumbani. Chagueni kipande kifupi ambacho yeye ndiye anaanza, na kingine ambacho mmeshindwa kuelewana.